Simu Mpya na Deni la Muuzaji

Mwaka jana ofisi ya gazeti hili ilihitaji simu ya kupokelea habari na picha kutoka kwa waandishi wetu wa vijijini, nasi tukaenda mjini kuinunua. Kijana wa dukani alitupokea kwa adabu. Alitutolea simu ambayo bado ilikuwa ndani ya nailoni yake ya kiwandani, akatusifia kamera, kioo na betri, akatupunguzia bei kidogo kwa heshima ya kola tuliyovaa, nasi tukaondoka tumeridhika. Jioni, tulipokuwa tukiipekua sehemu ya mipangilio, tuliufikia mstari mdogo ambao watu wengi hawausomi maisha yao yote, yaani mstari unaotaja tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Tarehe hiyo ilikuwa imepita miaka mitatu na zaidi. Tuliiamuru simu itafute sasisho jipya; ikazungusha duara lake kwa muda, kisha ikajibu kwamba hakuna. Baadaye tukapata kujua kwamba waundaji wa simu za aina ile walikwisha kuacha kuzihudumia zamani, na hii yetu ilikuwa imekaa ghalani ikimngoja mnunuzi.

Kesho yake tulirudi dukani. Kijana alitusikiliza mpaka mwisho, akaigeuzageuza simu mkononi, akasema: "Padre, simu hii ni mpya kabisa, hakuna aliyeigusa kabla yako. Hayo ya tarehe mimi sikuyajua, wala hakuna mteja aliyepata kuniuliza." Twaamini kwamba alisema kweli. Hakutudanganya kwa neno hata moja. Na hata hivyo tulitoka dukani humo mara ya pili tukiwa na hakika kwamba tumeuziwa kitu pungufu kwa bei ya kitu kamili.

Je, katika biashara ile ilikuwamo dhuluma? Na kama ilikuwamo, ni nani aliyeitenda, ikiwa muuzaji mwenyewe hakujua? Huenda msomaji akaona kwamba hili ni jambo la mafundi, lisilostahili nafasi katika ukurasa huu. Lakini simu ya siku hizi imekuwa sanduku la fedha, kabati la barua na ufunguo wa nyumba kwa pamoja. Hakuna jamaa iliyo mbali na swali hili, hata ile yenye simu moja tu inayopita mikononi mwa watu sita.

Kwanza yatupasa tuelewe sasisho ni nini, maana wengi wetu twaliona kuwa ni udhia tu, kitu kinachokuja bila kuitwa na kumaliza bando tulilolinunua kwa shida. Simu ya kisasa huendeshwa na programu zenye mamilioni ya mistari ya maandishi, nayo yaliandikwa na wanadamu. Na kazi ya mwanadamu haikosi kasoro. Kasoro nyingi hazidhuru. Lakini zimo nyingine zilizo kama komeo la dirisha ambalo kwa macho ni zima, kumbe mwenye kujua mahali pa kulisukuma aweza kuingia usiku bila kuvunja kitu. Kasoro ya namna hiyo ikigunduliwa, waundaji huandika kiraka cha kuiziba, wakakipeleka kwenye simu za watu kwa njia ya intaneti. Hilo ndilo sasisho la usalama. Halina urembo wowote. Ukilipokea hutaona rangi mpya wala picha mpya, na pengine ndiyo sababu watu hawalithamini.

Tutoe mfano mmoja. Mwezi wa Julai 2015 wataalamu wa kampuni ya Zimperium walitangaza habari za kasoro iliyopewa jina la Stagefright, iliyokuwamo katika sehemu ya mfumo wa Android inayoshughulikia sauti na video. Mwovu aliyeijua namba ya mtu, asijue kitu kingine chochote juu yake, aliweza kumtumia ujumbe wenye video iliyotengenezwa kwa hila. Na katika simu nyingine hila ile iliweza kufanya kazi kabla mwenye simu hajaufungua ujumbe wenyewe. Wagunduzi walikadiria kwamba simu zipatazo milioni 950 zilikuwa hatarini. Mwezi uliofuata, yaani Agosti 2015, Google ilianza desturi ya kutoa kila mwezi taarifa ya wazi inayotaja kasoro zilizogunduliwa na viraka vya kuziziba.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu, nasi twaomba msomaji asipite haraka. Taarifa hizo hazina budi kuwa za wazi, maana waundaji wa simu ni wengi, na kila mmoja sharti ajue ni kipi cha kuziba. Lakini kilicho wazi kwa mlinzi ni wazi kwa mwizi pia. Mtu mwenye ujuzi akikilinganisha kiraka kipya na programu ya zamani, huonyeshwa mahali hasa palipokuwa na ufa. Kwa hiyo kila kiraka kinachotolewa kwa ajili ya simu zinazohudumiwa huwa ni tangazo kwa waovu juu ya simu zilizoachwa. Simu iliyoachwa haibaki kama ilivyokuwa siku ile ilipoachwa. Yadhoofika mwezi kwa mwezi ingawa hakuna mkono ulioigusa, ingawa imo ndani ya kasha lake, na kioo chake chang'aa.

Mtu atauliza, mbona waundaji huziacha? Jibu ni kwamba kiraka husafiri njia ndefu. Hutoka kwa Google, au kwa kampuni kama Qualcomm na MediaTek zinazotengeneza moyo wa simu wenyewe, kikafika kwa kampuni iliyoiunda simu, ambayo sharti ikilinganishe na kila aina ya simu yake, ikijaribu, ndipo ikitume. Kila hatua yahitaji watu na mishahara yao. Simu ya bei ya chini humletea aliyeiunda faida ndogo mara moja tu, siku ya kuuzwa. Tangu siku hiyo kila kiraka ni gharama isiyorudi. Hatuwalaumu kwa kuacha, maana hakuna fundi awezaye kuahidi kazi isiyo na mwisho. Twauliza tu kama wana haki ya kuuficha mwisho huo.

Tusizidishe chumvi, lakini. Wengi walioibiwa fedha zao za simu katika nchi yetu hawakuibiwa kwa kasoro za programu. Waliibiwa kwa maneno. Ule ujumbe unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii" haukuhitaji ufa wowote katika simu. Ulihitaji mtu mwenye haraka na mwenye kuamini upesi, na hakuna kiraka kitakachomziba mtu huyo. Kadhalika, mwenye simu ndogo ya vitufe, ile tuiitayo kitochi, kwa hatari hizi tunazozisema yu salama kuliko wengi wenye simu za kioo, kwa kuwa simu yake haipakuliwi programu ovyo wala haifungui kurasa za intaneti. Na hata katika simu za Android zilizoachwa na waundaji wao, zimo sehemu ambazo Google yenyewe huendelea kuzitengeneza kwa kitambo. Hatusemi basi kwamba simu isiyo na sasisho italipuka kesho. Twasema kwamba ina kasoro ya kweli, iliyofichika, inayokua, na yenye kuweza kumletea mnunuzi hasara. Maneno haya tumeyachagua kwa makusudi, kwa maana ni karibu na yale waliyoyatumia walimu wa kale walipochunguza haki katika kuuza na kununua.

Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, asimulia kisa cha mfanyabiashara mwema aliyeleta nafaka Rhodes kutoka Alexandria wakati wa njaa. Huyo alijua kwamba zipo merikebu nyingine nyuma yake zilizojaa nafaka, na kwamba zikifika bei itashuka. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze na kuuza kwa bei ya juu? Wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, walitofautiana. Diogenes aliona kwamba muuzaji hana budi kusema tu kasoro zile ambazo sheria inaamuru zisemwe. Mengine, maadamu hasemi uongo, ni biashara yake. Kunyamaza, kwake yeye, si kuficha. Antipater alijibu kwamba watu wote wamefungwa pamoja katika jamii moja, na asiyeambiwa jambo ambalo ni faida yake kulijua amefichwa. Cicero aliwaunga mkono wenye kusema na Antipater.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilitazama swali hilohilo katika karne ya 13, naye alilipambanua kwa uangalifu zaidi. Kasoro ikiwa ya wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji hana lazima ya kuitangaza, maadamu ameipunguza bei ipasavyo. Mnunuzi ana macho. Lakini kasoro ikiwa ya siri, na ikiwa yaweza kumtia mnunuzi katika hasara au hatari, muuzaji hana ruhusa ya kunyamaza. Mifano yake ni farasi kilema anayeuzwa kana kwamba ni mwepesi wa mbio, nyumba inayotaka kuanguka inayouzwa kana kwamba ni imara, na chakula kilichooza. Tena, kuhusu yule mwenye nafaka wa Rhodes, Thomas hakumfunga kwa haki, maana kushuka kwa bei ni jambo lijalo, si kasoro iliyomo ndani ya nafaka aliyonayo. Alisema tu kwamba kusema kungekuwa wema mkubwa zaidi.

Basi, habari ya mwisho wa ulinzi wa simu tuiweke wapi? Je, ni kama merikebu zilizo bado baharini, au ni kama farasi kilema?

Swali hili si la darasani tu. Lilifika mahakamani huko Uholanzi. Chama cha kutetea wanunuzi cha nchi hiyo, Consumentenbond, kiliishitaki kampuni ya Samsung mwaka 2016, kikitaka ilazimishwe kuzipa simu zake masasisho kwa muda wa kutosha na kuwaambia wanunuzi waziwazi muda huo ni upi. Mwezi wa Mei 2018 mahakama ya The Hague ilikataa madai hayo, na moja ya sababu zake ni kwamba yalihusu mambo yajayo, ambayo hakuna awezaye kuyapima kabla hayajatokea. Mahakama ile, ikijua au isijue, iliiweka simu pamoja na merikebu za Rhodes.

Twaiheshimu hukumu hiyo kwa upande mmoja. Ni kweli kwamba hakuna ajuaye leo ni kasoro gani itakayogunduliwa mwaka kesho, na haiwezekani kumdai mtu kiraka cha ufa usiojulikana. Lakini kuna mambo mawili hapa, na yafaa yatengwe. Kasoro yenyewe ni jambo lijalo. Ahadi ya kuiziba, au kukosekana kwa ahadi hiyo, ni jambo la leo. Mtu anayekuuzia kiwanja chenye hati ya miaka 33, na imebaki miwili tu, hawezi kukuambia kwamba kwisha kwa hati ni jambo la mbele. Ile miaka miwili ndiyo anayokuuzia. Kadhalika mwenye duka la dawa hawezi kuitoa chupa ambayo tarehe yake imepita na kusema kwamba kizibo hakijafunguliwa. Sisi sote twaijua tarehe ya dawa, twaitafuta chini ya chupa, twaisoma kwa mama mgonjwa. Simu nayo ina tarehe yake. Tofauti ni kwamba haikuandikwa mahali ambapo macho yetu yamezoea kutazama, na hiyo ndiyo inayoifanya kuwa kasoro ya siri.

Kwa hiyo sisi twaona kwamba simu ambayo ulinzi wake umekwisha ni farasi kilema, si merikebu ya mbali. Na yule ambaye ulinzi wake utakwisha kwa tarehe anayoijua, akaificha, amekula sehemu ya bei asiyoistahili. Wala upya wa simu haumtetei. Yule farasi naye aweza kuwa hajapata kupandwa na mtu.

Lakini nani hasa? Kijana wetu wa dukani hakujua. Hatusemi kwamba hana deni lolote, maana mwenye kuuza nyama hawezi kusema kwamba hajui ilichinjwa lini. Yeyote anayeishi kwa kuuza kitu anapaswa kukijua kwa kadiri ya uwezo wake, hasa pale ambapo kukijua ni kazi ya kubonyeza mara nne. Hata hivyo yeye ni mwajiriwa, apewa bidhaa na kuambiwa bei. Juu yake yuko tajiri wa duka. Juu ya tajiri yuko mwenye kuagiza makontena kutoka ng'ambo. Na juu ya wote yuko aliyeiunda simu, ambaye ndiye aliyepanga siku ya kuacha kuihudumia. Deni la kusema humfuata mwenye kujua. Aliye juu kabisa ndiye anayejua yote na ndiye aliye mbali zaidi na mnunuzi, kiasi kwamba haoni uso wa mtu hata mmoja aliyemwuzia. Twadhani kwamba umbali huo ndio unaowafanya watu waungwana, ambao wasingemficha jirani kasoro ya baiskeli, waweze kuwaficha maelfu bila kukosa usingizi.

Nchi nyingine zimekwisha kuanza kuwalazimisha waseme. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, inayowataka waundaji wa vyombo vinavyounganishwa na intaneti watangaze vitapata masasisho ya usalama kwa muda gani usiopungua. Haiwaamuru watoe miaka mingi, yawaamuru waitaje. Antipater angeridhika. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 20 Juni 2025 simu zinazoingizwa katika soko lake sharti ziendelee kupewa masasisho kwa muda usiopungua miaka 5 tangu simu ya mwisho ya aina hiyo ilipowekwa sokoni. Na zipo kampuni zilizotangulia mbele ya sheria. Google ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ilipotoa Galaxy S24 mwaka 2024, ziliahidi miaka 7. Samsung iliahidi miaka 6 hata kwa Galaxy A16 ya mwaka 2024, ambayo si simu ya matajiri. Apple ilikuwa na tabia ya kutoahidi kwa maneno lakini kutenda: iPhone 5s, iliyotoka Septemba 2013, ilipokea kiraka cha usalama Januari 2023.

Hizo ni simu zilizoahidiwa. Lakini meza za maduka yetu zimejaa pia zile zisizoahidiwa kitu, na mnunuzi hana namna ya kuzitofautisha kwa kuangalia kasha. Wasomaji wetu wa Tanzania watakumbuka mwezi wa Juni 2016, zilipozimwa simu za bandia. Watu walibonyeza *#06# wakaisoma namba ndefu ya simu zao kwa hofu, na wengi waliamka wamebakiwa na vipande vya plastiki. Hatusemi kwamba serikali ilikosea kuzizima. Twakumbusha tu kwamba hasara ile ilimwangukia mnunuzi, aliyetoa fedha halali kwa nia njema, ilhali aliyemwuzia alikuwa amekwisha kula faida yake. Simu ya bandia angalau ilikuja kutajwa kwa jina lake. Iliyoachwa haitazimwa na mtu, wala hakuna siku itakayotangazwa.

Tena tusifikiri kwamba wanaodhurika ni watu wa mbali. Mwezi wa Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kwamba simu za aina ya Tecno W2 zilizouzwa katika nchi za Afrika, miongoni mwake Ethiopia, Kameruni, Ghana na Afrika Kusini, zilikutwa na programu haramu zilizotiwa humo kabla ya kuuzwa, nazo zilikuwa zikiwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia wasizoziomba. Kampuni ya Transsion, yenye jina hilo la biashara, ilisema kwamba kosa lilitoka kwa mmoja wa waliohusika katika njia ya utengenezaji, asiyejulikana, na kwamba sasisho la kuondoa tatizo lilikwisha kutolewa. Na iwe hivyo. Lakini sasisho lililotolewa lamfaa yule tu aliyelipokea, na mtu anayenunua muda wa maongezi wa shilingi mia tano hafikirii kutumia bando lake la wiki kwa kitu asichokiona.

Hapo twamgeukia mnunuzi, yaani sisi wenyewe, maana si haki kumhukumu muuzaji peke yake. Mtu aliyenunua simu kwa ajili ya nyimbo na mpira aweza kuchukua hatari aipendayo; ni yake. Lakini wangapi miongoni mwetu wana simu ya namna hiyo? Mama aliye mweka hazina wa kikoba ana humo majina ya wenzake thelathini na kumbukumbu za akiba zao. Mwalimu ana picha za watoto wa watu. Muuguzi ameulizwa usiku juu ya ugonjwa ambao mgonjwa hajamwambia hata mumewe. Nasi mapadre twaandikiwa mambo ambayo hayapasi kusomwa na mwingine. Mtu anapokuamini kwa siri yake hakuchagui wewe tu. Aichagua na simu yako, bila kujua. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani, "Simu hii itapata masasisho ya usalama mpaka mwaka gani?", ni deni kwa wale wasiokuwapo dukani. Na muuzaji akisema hajui, basi mnunuzi amekwisha kujua jambo moja.

Twaisikia sauti ya msomaji asemaye: Ninyi mwasema hivyo, mimi nina laki mbili na nusu tu, na mtoto anataka simu ya masomo. Sauti hiyo ina haki ya kujibiwa, wala si kwa maneno ya kufariji. Ukweli ni kwamba maskini ndiye anayeuziwa siku chache kwa bei kubwa. Simu ya shilingi 250,000 iliyobakiwa na mwaka 1 wa ulinzi yamgharimu shilingi 250,000 kwa mwaka. Ya shilingi 450,000 iliyobakiwa na miaka 5 ni shilingi 90,000 kwa mwaka. Lakini asiye na 450,000 mkononi hawezi kuinunua hesabu hiyo, hata akiielewa vizuri kuliko mwenye duka. Kwake twaweza kusema tu kwamba mara nyingine simu iliyotumika, ya aina ambayo bado yahudumiwa, ni bora kuliko mpya iliyokwisha kuachwa, ingawa watoto wataicheka mikwaruzo yake. Na kama hata hiyo haipatikani, fedha na zikae kwenye laini iliyo ndani ya kitochi, na simu ya kioo ibaki kwa masomo na redio. Ni busara ya dhiki, nasi hatuiiti haki. Waziri wa biashara anaweza kuandika kanuni ya mistari miwili ikitaka tarehe ya mwisho wa masasisho ichapwe nje ya kasha, kama ilivyo kwa dawa na maziwa. Gharama yake ni wino.

Liko jambo jingine ambalo tungependa kulipita kimya, kwa kuwa latuhusu wengi. Mtu wa mjini anaponunua simu mpya, ile ya zamani huipeleka kwa bibi kijijini, au kwa msichana wa kazi, au kwa mdogo wake anayeanza maisha. Tunaita zawadi, na mara nyingi ni zawadi kweli. Lakini mara nyingi tumeiacha kwa sababu haitegemeki tena, tumekwisha kuondoa humo fedha zetu na siri zetu, kisha twamkabidhi mtu asiyejua hata kuuliza, naye ataweka humo pensheni yake yote. Kati ya tendo hilo na la yule anayeuza kontena la simu zilizoachwa, tofauti ni ya kiasi, na ya tabasamu tulilolivaa wakati wa kutoa.

Tumelisema hilo kwa sababu lilitukuta. Ile simu ya ofisi, duka lilikataa kuirudisha, ikawekwa kwenye droo. Majuzi mlinzi wetu wa usiku, mzee aliyetutumikia kwa miaka mingi, alikuja akiwa amevua kofia. "Padre," akasema, "ile simu imelala tu humo. Kama hamna kazi nayo, nipeni mimi. Ina shida gani?"

Tulilisikia jibu likitujia mdomoni kabla hatujalifikiri: haina shida, Mzee, ni mpya kabisa. Tulinyamaza kidogo. Kisha tukamwambia akae, tukaufungua ule mstari, tukamwonyesha tarehe na kumweleza maana yake kwa kadiri tulivyoweza. Alisikiliza, akauliza kama itashika redio. Tukasema itashika. Akatoa kitochi chake mfukoni, chenye raba kiunoni, akakitazama, akakirudisha. "Basi laini yangu itakaa humu humu," akasema, "na hiyo nitaisikilizia taarifa ya habari lindoni."